Pauni milioni 1 za kuchunguza mapumziko

Wellcome, shirika la Uingereza ambalo kwetu linajulikana zaidi kwa utafiti wa malaria pale Kilifi, mwaka 2014 lilifungua milango ya ghorofa ya tano ya jengo la Wellcome Collection, Euston Road, London, kwa kundi lake la kwanza la watafiti wakaazi. Fedha zilikuwa pauni milioni 1, muda kama miaka miwili. Watu wa fani mbalimbali walitakiwa kukaa mahali pamoja na kuchunguza jambo moja. Kundi lililoshinda lilijiita Hubbub, na jambo lililoliombea fedha ni mapumziko.

Mhasibu yeyote angeguna. Lakini ukiichambua mada hiyo kiufundi utaona kwa nini ilikuwa na nguvu kuliko mada nyingi nzito za maradhi na tabianchi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake walionyesha kwamba mtu akilala ndani ya mashine ya MRI bila kupewa kazi yoyote, sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo, za kushoto na za kulia, hupanda na kushuka kwa pamoja. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wakaeleza kwamba ubongo usio na kazi maalumu una utaratibu wake wa msingi, wala haujazimika. Tangu hapo maabara duniani kote zikawa zinawalaza watu na kuwaambia watulie tu, kisha zinaandika kwamba wamepima ubongo uliopumzika.

Nani kasema wamepumzika? Mashine ile ni nyembamba, inagonga kama gereji ya bodi za magari, na aliyemo ndani anaweza kuwa anawaza ada ya shule. Picha ya ubongo peke yake haiwezi kulijibu swali hilo. Anahitajika mtu wa kuuliza ni nini hasa kilichokuwa kikipita akilini. Anahitajika mwanahistoria wa kueleza wazo la mapumziko lilitoka wapi na lilimfaa nani. Anahitajika pia msanii aliyezoea kushughulika na kelele na ukimya. Swali lenyewe ndilo lililowaita, kila mmoja kwa shida yake.

Hapo ndipo maombi mengi ya aina hii yanapoanguka. Tangazo likitoka, vyuo vyetu huanza na orodha ya majina: daktari, mwanaanthropolojia, mtu wa kompyuta, msanii wa kupamba. Baadaye hutafutwa mada pana ya kuwafunika wote. Jopo likisoma linafanya jambo rahisi: linafuta jina moja kwenye orodha na kutazama kama swali bado limesimama. Likiwa limesimama, aliyefutwa alikuwa pambo, na bajeti yake ni upotevu. Kwa Hubbub jaribio hilo lingeumiza. Mfute anayehoji uzoefu wa ndani, unabaki na picha za ubongo zisizo na mwenyewe.

Nguvu ya pili ya Hubbub haikujengwa siku ya kujaza fomu. Felicity Callard, aliyeongoza kundi akiwa Chuo Kikuu cha Durham, ni mtu wa sayansi ya jamii na historia ya tiba ya akili. Daniel Margulies ni mwanasayansi wa ubongo. Wawili hao walikuwa wameandika pamoja makala kuhusu utafiti huu wa ubongo uliotulia tangu mwaka 2011, na mwaka 2012 wakaandika nyingine pamoja na Jonathan Smallwood. Maana yake walikwisha kubishana na kukubaliana kuhusu maneno, vipimo na majina ya waandishi kabla fedha hazijawa mezani. Kwa maoni yangu, makala moja fupi iliyoandikwa na watu wa fani mbili inashinda barua kumi za kuungwa mkono zenye mhuri wa makamu mkuu wa chuo. Barua inaahidi kwamba watu wataelewana. Makala inaonyesha kwamba walikwisha kuelewana.

 Kwenye kiini cha kundi, pamoja na Callard na Margulies, alikuwapo Charles Fernyhough, mwanasaikolojia ambaye pia huandika riwaya. James Wilkes, mshairi. Claudia Hammond, mtangazaji wa BBC. Na Kimberley Staines, mratibu wa mradi. Niwatazame hao wawili wa mwisho, maana kwenye maandiko yetu ndio wanaokatwa kwanza bajeti ikibana.

Mtangazaji hakukodiwa mwishoni kuja kutangaza matokeo. Alikuwa ndani tangu mwanzo, na kwa njia hiyo redio ikawa chombo cha kukusanya data. Dodoso lao, Rest Test, lilizinduliwa Novemba 2015, likajibiwa na watu wapatao 18,000 kutoka nchi 134, na matokeo yakatolewa Septemba 2016. Kusoma kuliongoza orodha ya mambo yanayopumzisha, na theluthi mbili hivi ya waliojibu walisema wanahitaji mapumziko zaidi. Ni idadi ya kuvutia, ila hawa ni watu waliojitokeza wenyewe kwa kusikia redio na kuwa na intaneti. Si sampuli ya dunia, na kwamba wasikilizaji wa vipindi vya sayansi wanapenda kusoma halinishangazi.

Mratibu naye jina lake lipo kwenye jalada la kitabu, The Restless Compendium cha 2016, kama mhariri pamoja na Callard na Wilkes. Kazi ya kupanga vikao, kufuatilia malipo na kuwakutanisha mshairi na mtu wa MRI siku moja ilihesabiwa kuwa sehemu ya utafiti. Weka mshahara huo kwenye bajeti na uutetee. Weka pia fedha za mtu wa kukufundishia madarasa yako, la sivyo ukaazi utakuwa wa Jumamosi na Jumapili.

Gharama ipo. Matokeo ya Hubbub yalitawanyika: kitabu, vipindi vya redio, makala, maonyesho ya sanaa mashariki mwa London. Kamati nyingi za kupandisha vyeo hazijui kuyapima mambo hayo, na mhadhiri kijana aulize mapema chuoni kwake yatahesabiwaje.

Waliofuata ghorofa ya tano wanafundisha pia. Mwaka 2016 waliingia Created Out of Mind, kundi la dimensia na sanaa lililoongozwa na Sebastian Crutch, mwanasaikolojia wa neva. Mwaka 2018 nafasi ilikwenda kwa Heart n Soul, taasisi ya sanaa ya Deptford inayofanya kazi na watu wenye ulemavu wa kujifunza. Hiyo si idara ya chuo. Katika muda huo mfupi, watu ambao andiko la kawaida lingewaweka kwenye sehemu ya walengwa walikuwa wamehamia upande wa waombaji. Anayeandaa maombi ya ukaazi wa aina hii aipange orodha ya washindi kwa miaka yao, kisha atazame jina lake na la wenzake lingekaa wapi.