Gitaa la Baba na Mwana

Heshima yangu leo iwaendee mafundi wanaojiundia gitaa la umeme kwa mikono yao, na wa kwanza ninayemwinamia ni Harold May, mhandisi wa vifaa vya umeme wa Uingereza. Mwaka 1963 mwanawe Brian alitamani gitaa la dukani, lakini pesa hazikuwepo. Wakaamua kulitengeneza nyumbani.

Shingo waliichonga kutoka ubao wa rafu ya meko kuukuu. Matundu ya wadudu yalikuwemo. Wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Alama za shingoni ni vifungo vya chaza kutoka kikapu cha ushonaji cha mama. Mkono wa kutikisia nyuzi una ncha ya sindano ya kufumia, na springi zinazourudisha mahali pake ni za valvu za pikipiki. Kazi ilichukua kama miaka miwili. Vinasa sauti vya nyuzi alivyojitengenezea Brian havikumridhisha, akanunua vitatu vya kampuni ya Burns. Hapo ndipo ninapowapenda zaidi mafundi hawa: wanasikiliza, wanafungua, wanabadilisha, bila kuona aibu.

Gitaa hilo, Red Special, likiwa mikononi mwa Brian, ndilo lililosimama kando ya sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, katika bendi ya Queen. Mwaka 2002 Brian alilipiga juu ya paa la kasri la Buckingham.

Hongera, Mzee Harold. Shingo ile ya mekoni bado inapigwa.