Makumbusho na Maana ya Jina Lake

Vitu vingi vya kigeni viliingia katika maisha ya Waswahili pamoja na majina yake: shule, benki, posta. Nyumba ya kuhifadhia vitu vya kale haikuingia hivyo. Lugha nyingi za Ulaya huiita kwa neno litokalo Kiyunani, ambalo asili yake ni mahali pa miungu wa kike wa sanaa na elimu. Kiswahili kililiacha neno hilo mlangoni, kikaunda lake katika shina la kukumbuka. Wala hakikusema makumbuko, kilisema makumbusho. Nyumba hiyo haikupewa kazi ya kukumbuka yenyewe, bali ya kukumbusha. Na kitenzi hiki hakitimii mpaka yajulikane mambo matatu: nani anakumbusha, nani anakumbushwa, na ni jambo gani linalokumbushwa. Ghala huweza kujaa bila ya maswali hayo kuulizwa, lakini makumbusho hayawezi. Mengi yamesemwa juu ya mageuzi ya makumbusho katika zama hizi. Kipimo cha mageuzi hayo kimo katika jina lenyewe.

Nyumba ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ilianzishwa mwaka 1934 ikafunguliwa mwaka 1940, kwa ukumbusho wa George wa Tano, mfalme wa Uingereza. Kitenzi kilikuwapo, na mambo yake matatu yalikuwa wazi: serikali ya kikoloni ilikumbusha, watawaliwa walikumbushwa, na kilichokumbushwa ni mfalme aliyeishi na kufa ng'ambo. Baada ya uhuru jina la mfalme liliondoka na jina la taifa likashika mahali pake. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, lakini kubadili jina juu ya mlango ni kazi nyepesi kuliko kubadili uhusiano baina ya msemaji na msikilizaji ndani ya nyumba.

Ugumu wa kazi hiyo ya pili waonekana wazi zaidi katika nyumba iliyo mbali, lakini ambayo fahari yake ilitoka Lindi. Katika makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Berlin, tangu mwaka 1937, imesimama mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, kimo chake zaidi ya mita 13. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913. Waliochimba na kuichukua mabegani na vichwani hadi bandari ya Lindi walikuwa mamia ya watu wa kusini, nchi iliyokuwa imetoka kuteketezwa kwa moto na njaa katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kwa miaka mingi majina yaliyotajwa mbele ya mjusi huyo yalikuwa ya wataalamu wa Kijerumani, Janensch na Hennig. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, alijulikana kwa wachache. Mwaka 2007 aina moja ya mijusi ya Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Heshima hiyo ni njema, ila jina la Kilatini husomwa na wataalamu. Mtoto wa Lindi halimfikii.

Nyumba ya Berlin, basi, ilitunza mfupa ikapoteza mkono ulioufukua. Mabishano juu ya kurudishwa kwa mifupa hiyo yamesikika Tanzania mara nyingi, hata bungeni. Lakini mfupa waweza kuvuka bahari mara ya pili na bado ukanyamaza. Ukirudi na kuwekwa nyuma ya kioo kingine, bila ya habari za waliouchimba, ghala litakuwa limehama tu.

Jaribio la kumpa msemaji mwingine nafasi lafanywa katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Humo zimejengwa nyumba za jadi za watu wa pande mbalimbali za nchi, na katika siku maalumu za utamaduni jamii moja huja kueleza yenyewe vyakula vyake, ngoma zake na mila zake. Siku hiyo anayekumbusha ni mwenye nyumba. Siku ikipita, nyumba hubaki peke yake, na hapo kasoro hujitokeza. Msonge wa Wahaya usioelezwa ni wa miaka ipi, wala kwa nini wajukuu wa waliokaa humo leo wajenga kwa matofali na mabati, humfanya mtazamaji adhani kwamba mila ni kitu kisichokwenda. Huko ni kukumbusha nusu ya jambo.

Huenda wako watakaosema kwamba hoja hizi zaidharau kazi ya kwanza ya makumbusho, nayo ni kutunza. Hoja yao ina uzito. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na baadaye kuwa makumbusho, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Hakuna ufasaha wa maelezo unaoweza kushikilia paa lililooza. Kutunza ni sharti. Lakini sharti la kazi si kazi yenyewe, kama vile wino ulivyo sharti la barua.

Ushahidi wa jambo hili uko Songea. Makumbusho ya Maji Maji yamesimama pale ambapo mashujaa wengi wa Kingoni walinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na kila mwaka watu hukusanyika kuwaadhimisha. Baada ya maangamizi hayo aliuawa pia Nduna Songea Mbano, ambaye mji wachukua jina lake. Yaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo, akakutana na wajukuu wa nduna, akaomba msamaha. Siku hiyo sentensi ya mwaka 1940 iligeuzwa: aliyetawaliwa alikumbusha, na taifa lililotawala likakumbushwa. Tena kilichokumbushwa hakikuwa ndani ya kabati lolote. Kilikuwa kichwa kisichokuwapo. Berlin ilikuwa na kitu kizima bila ya neno. Songea ilikuwa na neno, na kwa ajili ya neno hilo kitu kilichopotea kikaanza kutafutwa.

Mwaka 2022, huko Prague, baraza la kimataifa la makumbusho lilikubali maelezo mapya ya kazi yake, yakitaja ushiriki wa jamii. Maelezo hayo yanafaa, lakini hayatatekelezwa kwa kunakiliwa. Kila kibandiko chini ya kila kitu hakina budi kusomwa kama sentensi: mtenda yuko wapi, mtendwa ni nani, na lugha iliyotumika yaeleweka na nani? Makumbusho yasiyoweza kujibu yana vitu vingi, na jina la kuazima.