Mwenda Tezi na Omo: Uhakiki wa Safari ya Msafiri

Miongoni mwa vitabu vya Ulaya vilivyopata maskani katika lugha za Afrika, ni vichache vilivyoenea kama hadithi ya John Bunyan, ijulikanayo kwa wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Safari ya Msafiri. Mtafiti Isabel Hofmeyr wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameonyesha kwamba hadithi hiyo imefasiriwa kwa lugha zipatazo 80 za bara letu. Kitabu kilichoingia katika nyumba nyingi namna hiyo hakikosi kuwafunza watu jambo. Yatupasa basi sisi walimu kuuliza: chatufunza nini juu ya hija, na msomaji akisha kukifunga hujiona ameitwa kwenda wapi?

Mwandishi alizaliwa mwaka 1628 karibu na mji wa Bedford, Uingereza, akarithi kwa baba yake kazi ya kuziba masufuria yaliyotoboka. Hakuwa na elimu kubwa ya shule. Mwaka 1660 alitiwa gerezani kwa kosa la kuhubiri bila ya kibali, akakaa humo miaka 12, na hali angaliweza kufunguliwa kama angaliahidi kunyamaza. Nje alimwacha mke na watoto, mmoja wao kipofu. Naye kifungoni akawa akitengeneza kamba za viatu ili wapate riziki. Sehemu ya kwanza ya hadithi yake ilitolewa mwaka 1678, na sehemu ya pili mwaka 1684.

Tukumbuke pia kwamba katika Uingereza ya siku zake hija ya miguu ilikuwa imekwisha. Kaburi la Thomas Becket kule Canterbury, ambalo mahujaji walilizuru kwa zaidi ya miaka 300, lilivunjwa mwaka 1538 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane. Bunyan, Mprotestanti thabiti, hakuirudisha njia hiyo ya udongo. Aliihamishia rohoni. Kinamasi, kilima, bonde, ngome na mto vilivyomo kitabuni ni hali za moyo wa mtu, wala havimo katika ramani yoyote.

Kwa upande wa fani, kitabu kimejengwa juu ya istiara. Kila mhusika huitwa kwa tabia yake na kila mahali kwa tendo lake. Majina tutakayoyatumia hapa tumeyatoa kwa maana yake, maana tafsiri haziwafiki zote. Wanafunzi wetu hawaoni ugeni katika fani hii, kwa kuwa wamekwisha kukutana na Karama na Majivuno katika Kusadikika ya Shaaban Robert. Lugha ya Bunyan ni ya mtu wa kazi za mikono, fupi na yenye kushikika; ndiyo sababu imevuka bahari bila ya kuzama.

Dhamira ya sehemu ya kwanza ni kufanywa upya kwa imani ya mtu mmoja. Mkristo, aliyevaa matambara, ana kitabu mkononi na mzigo mgongoni. Mzigo huo huanguka mbele ya msalaba, wala hauanguki kwa nguvu zake. Mwandishi mdogo angalikomea hapo. Bunyan ajua kwamba mashaka makubwa humpata mtu baada ya kuokoka mzigo, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kitabu yaja baadaye. Katika Soko la Ubatili, Mwaminifu, mwenzake wa njiani, anauawa. Baadaye Mkristo na Tumaini wanakamatwa na jitu liitwalo Kukata-Tamaa, wakafungwa katika Ngome ya Shaka, wakapigwa na kushauriwa wajiue. Siku kadha zapita ndipo Mkristo anapokumbuka kwamba kifuani mwake mna ufunguo uitwao Ahadi. Auingiza katika kufuli, mlango wafunguka.

Hapo pana kiini cha kitabu. Ufunguo haukuletwa na mtu wala haukushuka kutoka juu usiku ule. Alikuwa nao muda wote. Kufanywa upya kwa imani, kwa maoni ya Bunyan, ni kukumbuka kile ulichokwisha kupewa. Wazo hili laweza kumfaa hata msomaji asiye Mkristo, maana ni nani asiyepata kusahau, penye giza, jambo alilolijua vema mchana?

Lakini kitabu kina jeraha, na jeraha lenyewe liko katika kurasa za mwanzo. Mkristo anapoanza kukimbia, mkewe na watoto wanamlilia arudi. Yeye atia vidole masikioni, azidi kwenda. Tulipowasomea wanafunzi wetu mahali hapa, hawakuuliza juu ya mzigo. Waliuliza: “Na watoto aliwaachia nani?” Swali hilo si la utovu wa adabu, latoka katika nchi ambamo mtu hujulikana kwa watu wake. Bunyan mwenyewe alilihisi. Katika Jumba Zuri, msichana aitwaye Upendo amwuliza Mkristo kwa nini hakuja na jamaa zake, naye alia, asema kwamba hawakukubali. Jibu ni la kweli, lakini halitoshi. Hadithi yasonga mbele hadi Mji wa Mbinguni, na mlango wafungwa nyuma ya msafiri.

Wahenga wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, wajumbe sita wapelekwa pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakatafute mema ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja apata taabu, na kila mmoja arejea na habari njema, ijapokuwa malipo yake ni gereza. Kwa Shaaban Robert, safari isiyoleta kitu nyumbani haijatimia. Hatusemi kwamba mmoja aliiga kwa mwenziwe. Twaweka vitabu viwili mezani ili kimoja kimwulize mwenzake swali.

Nasi hapa Uganda tuna njia ya udongo ambayo Bunyan hakuwa nayo. Kila mwaka, kwa siku ya 3 Juni, mahujaji hukusanyika Namugongo, karibu na Kampala, kuwakumbuka vijana waliochomwa moto hapo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Katika mateso ya miaka ya 1885 hadi 1887, mashahidi 22 waliokuwa Wakatoliki na 23 waliokuwa Waanglikana wanatajwa kwa majina. Wale 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, naye mwenyewe alikuja kuhiji mwaka 1969. Wako watu watokao Mbarara kwa miguu, zaidi ya kilomita 200, na wengine hutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Msafiri maskini ajapokuwa sultani: njiani mwenye cheo na asiye nacho hulala chini pamoja. Wakifika husali, na wengi huchota maji ya hapo wakayachukua nyumbani. Maji yale yatupa hoja yetu. Hujaji hachoti maji kwa kiu yake peke yake. Ana mtu anayemngoja.

Tena kuna jambo liwahusulo walimu. Waongofu wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Na miongoni mwa maandiko ya kwanza waliyofundishiwa na Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, yalikuwamo ya Kiswahili. Karoli Lwanga, aliyekuwa mkubwa wa vijana wa ikulu, aliwafundisha wadogo zake, na kabla ya hukumu akawabatiza waliokuwa hawajabatizwa. Huyu hakutia vidole masikioni. Aliyakabili mauti huku akiwatumikia aliowaongoza.

Je, Bunyan hakuliona jambo hili? Aliliona, baada ya miaka sita. Katika sehemu ya pili, Mke wa Mkristo ashika njia ile ile pamoja na wanawe wanne na kijana wa kike wa jirani, Huruma. Hapa hija yaacha kuwa mbio za mtu mmoja. Kiongozi wao, Moyo-Mkuu, ana kazi ya kuwafikisha wengine. Njiani wajiunga naye mlemavu wa magongo na mwingine mwenye moyo dhaifu, aliyeogopa kuwachelewesha wenzake. Moyo-Mkuu amwambia kwamba watamngoja. Ile Ngome ya Shaka, ambayo Mkristo aliponyoka tu, hawa waibomoa, na wafungwa waliosalia watoka. Huruma naye hashoni ila nguo za maskini. Mchumba wake, alipokwisha kujua kwamba kazi ile haileti faida, akamwacha. Na mama anapovuka mto, wanawe wabaki ng’ambo hii, wawafae waliobaki.

Hatutasema kwamba sehemu ya pili ni bora kwa fani. Mahubiri yake ni marefu, hatari zake hazitishi sana, na Moyo-Mkuu hupigana vita vingi mwenyewe hata mara nyingi wenziwe wakawa watazamaji. Wala sehemu ya kwanza haina chuki ya zama zake: pangoni mna jitu lililozeeka liitwalo Papa, linalouma kucha kwa hasira. Mwalimu mwenye Wakatoliki na Waanglikana darasani asiruke ukurasa huo kwa siri. Na aeleze kwamba uliandikwa katika nchi iliyochinjana kwa ajili ya dini, kisha aonyeshe kwamba Namugongo madhehebu hayo mawili yana mashahidi wa moto mmoja.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni desturi ya kuisoma sehemu ya kwanza peke yake kana kwamba ndiyo kitabu kizima. Asomaye hivyo hujifunza kwamba wito ni kuondoka. Vijana wetu wamekwisha kujifunza hilo vya kutosha: wa kijijini aenda mjini, wa mjini aenda ng’ambo, na shule iliyomlea yabaki bila ya mwalimu. Twawashauri walimu wenzetu wazisome sehemu zote mbili, na kando yake wasome Kusadikika. Kisha wawape wanafunzi insha yenye swali lile lile la watoto: msafiri huyu amemwachia nani watu wake, na atawarudia na nini? Mwanafunzi asiyepata jibu asilaumiwe. Hata Bunyan alihitaji kitabu cha pili.