Subira ya Unga

Kiangazi cha Dodoma, hewa ikikauka hadi midomo inapasuka, ndicho kinachompima mfamasia. Nilimtazama mzee mmoja akigawa kidonge cha mtu mzima kiwe dozi za mtoto mchanga. Alikisaga taratibu kwenye kinu cha kaure, mchi ukizunguka bila kugonga. Kijana msaidizi wake akamsogezea kibakuli cha plastiki. Mzee akakisukuma kando, akachukua karatasi. Plastiki ina mikono, alinieleza baadaye. Ukiimwagia unga, haikosi kubaki na fungu lake.

Na ndivyo ilivyo. Vitu viwili vikigusana na kuachana, kimoja huondoka na chaji ya kingine. Vikisuguliwa kwa pupa, chaji huzidi. Punje ya chumvi haijali, uzito wake unatosha kuishusha. Chembe ya dawa yenye upana wa mikromita chache haina uzito wa kujitetea: upana ukipungua mara 10, uzito hupungua mara 1,000, lakini uso unaobeba chaji hupungua mara 100 tu. Hapo umeme ndio unaotawala. Unga hurukia ukuta wa chombo na kugoma kushuka. Hewa yenye unyevu huiondoa chaji polepole, na karatasi, iliyozoea kunyonya unyevu, huivujisha. Plastiki huing'ang'ania.

Lakini uhodari wenyewe niliuona kwenye kuchanganya. Hakuumwaga unga wa dawa wote ndani ya laktosi, sukari ya maziwa ya kuiongezea dawa wingi. Alitwaa laktosi kiasi kilekile cha dawa, akasaga. Akaongeza nyingine sawa na mchanganyiko ule, akasaga tena. Kila mara maradufu, mpaka laktosi ikaisha. Kila hatua alisimama, akakwangua ukingo wa kinu kwa kisu chembamba cha chuma, maana kilichoganda pale ni haki ya mgonjwa. Kisha akagawa kwenye vikaratasi na kuvikunja kimoja kimoja, pembe kwa pembe. Foleni dirishani ilikuwa inanung'unika. Iliachwa inung'unike.

Mvuto huu wa chaji na unga si mgeni: mwaka 1777, huko Göttingen, Ujerumani, mwanafizikia Georg Christoph Lichtenberg aliona vumbi la utomvu likitua kwenye sahani yenye chaji na kujipanga michoro ya nyota. Wakubwa wa viwanda wamelielewa somo: mitambo ya chuma huunganishwa na ardhi kwa waya, kwani vumbi laini likikutana na cheche huweza kulipuka. Katika baadhi ya dawa za pumu za kuvuta, mnato huohuo umegeuzwa mtumishi: chembe za dawa hushikamana na punje kubwa za laktosi, kisha huachana nazo mgonjwa anapovuta pumzi.

Ni huku kwetu, kwenye vyumba vidogo vya dawa, mkono umeanza kusahau. Kijiko cha plastiki, kibakuli cha plastiki, mtikiso wa haraka, tayari. Lebo huandikwa kipimo kamili, na sehemu ya kipimo hicho imeshaoshwa sinkini.