Chuma Ndani ya Paja

Fupa la paja likivunjika katikati, misuli haisubiri: huvuta kipande cha chini kwenda juu, mguu ukafupika. Pasipo na vifaa, majeruhi hulazwa kwa majuma kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito. Madaktari wanaotia chuma hufuata njia nyingine, na ustadi wao huanzia kwenye kuzijua kani.

Kwanza huisoma picha ya eksirei. Ufa unaouzunguka mfupa kwa mshazari husema mguu ulisokotwa. Ufa uliokata kwa upana na kuacha kipande cha pembetatu husema mfupa ulipindwa: ulianza kupasuka upande uliotanuka, pembetatu ikabaki upande uliobanwa.

Kisha huja swali la chuma kikae wapi. Mwaka 1939, mjini Kiel, Ujerumani, Gerhard Küntscher alikipitisha katika uwazi wa uboho. Bamba la chuma lililofungwa ubavuni mwa mfupa hupindwa zaidi kila mgonjwa akanyagapo. Chuma cha katikati kiko karibu na njia ya uzito wa mwili, hivyo hugawana mzigo na mfupa. Unene nao huhesabiwa. Chuma kisicho na uwazi cha milimita 10 ni kigumu kupinda karibu mara mbili na nusu kuliko cha milimita 8, ingawa tofauti yao ni milimita mbili tu. Skrubu za juu na chini, zinazopita katika matundu ya chuma, huzuia mguu usizunguke wala kufupika.

Kuyapata matundu ya skrubu hizo ndani ya mfupa kwa kawaida huhitaji mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji, na hospitali nyingi hazina. Daktari Lewis Zirkle wa Marekani, aliyeanzisha shirika la SIGN mwaka 1999, alitumia kielekezi cha nje chenye matundu yanayolingana na ya chuma. Mpasuaji hutoboa mfupa, huingiza kitafutio, na mkono wake huhisi ncha ikizama kwenye tundu. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wanakopelekwa majeruhi wengi wa bodaboda, chuma cha SIGN kimewainua wengi kitandani.

Ninachokistahi zaidi ni kipimo cha mwendo. Vipande vikicheza mno, tishu changa huchanika kila siku na mfupa haushiki. Vikicheza kidogo, mwili hujenga uvimbe wa mfupa mpya kuzunguka ufa, na kwa kuwa umejengwa mbali na kitovu cha mfupa, hukaza haraka. Ndiyo maana mgonjwa huhimizwa kukanyaga mapema, pale daktari aonapo inafaa.

Chuma kikipindwa mara nyingi mno huchoka, na mfupa usipounga, chuma hicho hatimaye hukatika. Mpasuaji bingwa hulijua hilo tangu mwanzo, naye hupanga kila tundu na kila skrubu ili mfupa uwahi kubeba mzigo wake wenyewe.