Tarakimu Ishirini za LUKU na Watu Waliozibuni

Mwaka 2024 mteja wa shirika la umeme la TANESCO wa Goba, Dar es Salaam, aliyenunua umeme kwa simu alipokea ujumbe ambao hakuuzoea. Badala ya tarakimu 20 aliletewa mafungu matatu, kila fungu likiwa na tarakimu 20. Aliambiwa aingize la kwanza, kisha la pili, na la tatu ndilo lenye uniti. Kuanzia Kinzudi hadi Kulangwa watu waliingiza namba zao, mita zikakubali, kila mtu akaendelea na shughuli zake. Kwa kuwa hakuna kilichoharibika, hakuna aliyeuliza nani alifanya nini. Mimi naona ile ni miongoni mwa kazi safi kabisa za uhandisi wa mifumo zilizowahi kuingia majumbani mwetu, na waliotangulia kuifikiria wanastahili kutajwa.

Asili ya tarakimu hizo ni Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shirika la umeme la Eskom lilikuwa linapeleka umeme kwa mamilioni ya kaya zilizonyimwa huduma hiyo wakati wa ubaguzi wa rangi. Kaya nyingi hazikuwa na anwani ya kupelekea ankara wala akaunti ya benki. Anayeifahamu Goba ya kabla ya lami, nyumba zikiota mlimani na bondeni bila namba wala jina la mtaa, anaelewa tatizo hilo bila kuelezwa zaidi. Kulipa kabla ya kutumia lilikuwa jibu rahisi kulitamka. Ugumu ulikuwa kuifahamisha mita kwamba mwenye nyumba amelipa, ilhali hakuna waya wa mawasiliano kati ya mita na ofisi.

Wahandisi waliamua kwamba mbeba ujumbe awe mteja mwenyewe. Ujumbe uandikwe kwa tarakimu, mtu atembee nazo kichwani au kwenye karatasi, azibonyeze. Uamuzi huo ulizaa kiwango kinachoitwa STS, ambacho baadaye kilikubaliwa kimataifa. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, iliyoingia kwetu miaka hiyohiyo ya 1990, inategemea tarakimu hizohizo.

Ndani ya tarakimu 20 kuna biti 66, yaani nafasi 66 za sifuri au moja, na kila biti ilipimwa kwa ubahili. Biti 2 zinataja aina ya ujumbe na 4 tawi lake. Nyingine 4 ni za kubahatisha, ili kumchanganya anayejaribu kukisia. Biti 24 zinahesabu dakika, 16 zinabeba kiasi cha umeme, na 16 za mwisho zinahakiki kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa. Baada ya hapo ujumbe unafungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu, ndiyo maana tokeni, yaani tarakimu 20, ya jirani haiingii kwako. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kutoka kwenye biti 66 inaanza na 7. Chukua ujumbe wowote wa LUKU kwenye simu yako uangalie: tokeni haianzi na 8 wala 9.

Utamu wenyewe uko kwenye zile biti 24. Zinahesabu dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, na kila tokeni hubeba dakika yake. Mita ni kama mlinzi mwenye daftari la getini: inakumbuka dakika za tokeni za karibuni, ikikuta dakika iliyokwisha kuandikwa inaikataa, na ikikuta iliyo nyuma ya zote inazozikumbuka inaikataa pia. Kwa njia hiyo mita inazuia tokeni moja kutumika mara mbili, bila kuuliza ofisi yoyote.

Lakini biti 24 zina mwisho. Zinabeba dakika 16,777,216, nazo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na kila tokeni mpya ingeonekana kuukuu kuliko zote. Mita zingekataa umeme uliolipiwa, hapa na katika kila nchi inayotumia kiwango hicho.

Tiba ilikuwa kuanza kuhesabu upya, safari hii kuanzia mwaka 2014, na kufuta kumbukumbu ya mita. Hapo palikuwa na mtego. Ukifuta kumbukumbu na ufunguo ukabaki uleule, tokeni zote za zamani zilizolala kwenye madroo na kwenye simu zingefufuka, na mtu angeingiza umeme wa miaka mitano iliyopita bila kulipa senti. Kwa hiyo ufunguo ulilazimika kubadilishwa kwa pamoja na kumbukumbu. Ufunguo una biti 64, hauenei kwenye ujumbe mmoja wenye mambo mengine ndani, hivyo ulikatwa vipande viwili. Hayo ndiyo mafungu mawili ya kwanza. La tatu ulikuwa umeme wako wa kawaida.

Wahandisi wale wa miaka ya 1990 walikuwa wameacha mlango wa kubadili ufunguo kwa njia ileile ya tarakimu, ndiyo maana fundi hakulazimika kupanda kila nguzo na kugonga kila geti. Mamilioni ya mita zilirekebishwa na wateja wenyewe, kwa vidole vyao.

Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ya miaka ya 1990 ni Ross Anderson, aliyekuwa profesa Cambridge, na Johann Bezuidenhoudt wa Afrika Kusini. Mwaka 1996 walichapisha uchambuzi wa mfumo huu, na ninachowapendea zaidi ni kwamba makosa hayakufichwa. Anderson aliandika wazi kuhusu mita za mtengenezaji mmoja zilizokuwa zikijijaza umeme pale volti zinaposhuka hadi kati ya 160 na 180. Watu walipogundua, walirusha minyororo ya chuma kwenye nyaya za volti 11,000 ili mtaa mzima upate umeme wa bure. Anderson alifariki tarehe 28 Machi 2024, miezi minane kabla ya siku ambayo saa ya mita ilifika mwisho.

Upande wetu sijaona kumbukumbu kama hiyo. Mei 2021, manunuzi ya LUKU yalipokwama kwa siku kadhaa, tulijifunza kwamba mita inayojitegemea bado inahitaji seva ya kuitengenezea tokeni. Somo hilo lilistahili kuandikwa kitaalamu na kusomwa vyuoni, sawa na zoezi la 2024, ambalo wahandisi na wataalamu wa kompyuta walilifanikisha bila mimi kuona majina yao yakitajwa.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina Siku ya Wahandisi kila mwaka. Naiomba, pamoja na TANESCO, iwaite watu hao jukwaani kwa majina, na iwaombe waandike walivyopanga mikoa, kilichokwama, na namna walivyokikwamua. Hesabu mpya ya dakika iliyoanzia 2014 nayo itakwisha tarehe 24 Novemba 2045, na atakayeishughulikia siku hiyo huenda leo yuko shule ya msingi.