Bati la Chini Lisiguswe

Hiace iliyofanya kazi ya daladala kwa miaka mingi karibu na bahari huanza kuoza chini, kwenye kizingiti cha mlango wa abiria, ambako maji, mchanga na chumvi hujificha kwenye mikunjo ya bati. Gari likifikishwa gereji, wengi hudhani kazi kubwa ni kuchomelea kizingiti kipya. Mimi naona ufundi wenyewe uko kwenye kutoa kile cha zamani bila kuumiza kile kinachobaki.

Kiwandani, mabati ya bodi hubanwa kati ya ncha mbili za shaba, umeme mkali ukapitishwa kwa muda usiofika sekunde moja, chuma kikayeyuka pale pale mabati yanapogusana, kisha kikaganda. Haiongezwi fimbo ya kuchomelea. Juu hubaki kibonyeo kidogo cha mviringo. Kiungo chenyewe ndani kina upana wa milimita nne au tano hivi. Njia hii ilitokana na kazi ya Elihu Thomson huko Marekani miaka ya 1880, na mpaka leo gari moja la abiria hubeba nukta za namna hiyo kwa maelfu.

Nukta ikishika vizuri huwa imara kuliko bati linaloizunguka. Ndiyo maana anayepenyeza tindo na kugonga kwa hasira huishia kuchana bati: nukta inabaki, pembeni yake panabaki tundu lenye kingo zilizopinda. Fundi bodi aliyeiva haanzi kwa kugonga. Huanza kwa kutafuta. Anakwangua rangi na gundi ya kiwandani kwa brashi ya waya, anapitisha msasa kidogo, na msasa humwonyesha palipobonyea kwa sababu rangi ya shimoni huchelewa kutoka. Kila nukta anaipiga panchi katikati. Hapo haraka haifai hata kidogo, kwani panchi ikienda kando, drili nayo itakwenda kando, na nusu ya nukta itabaki imeshika.

Halafu kuna biti, na hapa ndipo napenda kusimama muda mrefu. Biti ya kawaida ya milimita 8 ina ncha iliyochongoka kwa nyuzi 118, na ncha hiyo ina urefu wa milimita 2.4 hivi. Bati la bodi mara nyingi halifiki milimita moja. Maana yake, kabla kingo za biti hazijamaliza kukata bati la juu, ncha imekwisha kutoboa la chini na kutokea upande wa pili. Ziko biti maalumu za kazi hii, lakini fundi asiye nazo huichukua ile ya kawaida, akaipeleka kwenye jiwe la kunolea na kuisawazisha mpaka iwe karibu bapa, akibakiza ncha ndogo katikati ya kukaa kwenye alama ya panchi. Kingo zote mbili lazima zilingane, la sivyo biti hutikisika na shimo huwa na umbo la yai. Nimemwona fundi akiinua biti usawa wa macho, akaigeuza polepole kwenye mwanga, akairudisha kwenye jiwe kwa mguso mmoja tu. Mwanagenzi wake alikuwa kimya pembeni, akitazama mikono.

Drili huendeshwa taratibu, kwa mkandamizo thabiti na tone la oili, maana biti ikipata moto hupoteza makali. Fundi husoma dalili. Vinyweleo vya chuma kinachong'aa hutoka kwanza. Baadaye huja vumbi jekundu la kutu iliyokuwa imelala katikati ya mabati. Duara jembamba jeusi hujichora ukingoni mwa shimo, na bati la juu hujinyanyua kidogo kwa kuwa limeachiliwa. Hapo anaacha. Anayeendelea kidogo tu amekwisha kula bati la chini, na hilo ndilo fremu inayobeba gari.

Nukta zote zikishakatwa, tindo nyembamba huingizwa kati ya mabati na kugongwa kidogo kidogo, ikielekea nukta inayofuata. Inapokwama, hailazimishwi, drili hurudi. Kizingiti kikitoka, chini hubaki vijivimbe vidogo vya chuma, vinavyosawazishwa kwa grenda kwa mkono mwepesi. Mkono mzito hula bati lile lile ambalo drili ililiheshimu. Kwenye kizingiti kipya hutobolewa matundu, bati likabanwa kwa klampu, na kila tundu likajazwa chuma cha kuchomelea mpaka kishike na bati la chini.

Magari ya siku hizi yameleta ugumu mwingine. Nguzo za milango mara nyingi zimeimarishwa kwa chuma kigumu mno, ambacho biti ya kawaida hukikwaruza tu ikaungua. Fundi hutumia biti za kabaidi, au grenda yenye msasa mwembamba, akilisaga bati la juu penye kila nukta mpaka libaki jembamba kama karatasi ndipo aliachanishe kwa tindo. Mbinu hiyo ni ya polepole zaidi, na mteja asiyejua hulalamikia bei. Mimi ningemlipa bila kubishana.